Verna Engebretson na Uzio wa Lilaki

Ijumaa, 29 Mei. Asubuhi ina ukungu mwepesi na ubaridi wa kuvaa sweta. Leo jioni Verna Engebretson, msimamizi wa bustani ya makaburi ya mji wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi.

Alianza kwa kukata nyasi. Tutamkumbuka akiwafukuza mabata bukini kwa ufagio, na kwa kahawa yake nyepesi ambayo Orville, mwendesha mashine yetu, husema unaweza kusoma gazeti ukitazama kupitia kwayo. Lakini kazi yake kubwa ni uzio wa lilaki, vichaka vya maua ya zambarau, pale langoni.

Kila Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya kuwakumbuka askari waliofariki, familia hukata matawi yenye maua hapo na kuyaweka kwenye makaburi ya askari wao. Miaka mitatu mfululizo uzio ulitoa majani matupu. Watu wakaja na maua ya plastiki, na kamati ikaamua mimea ing'olewe, zijengwe nguzo za chuma. Verna, ambaye kaka yake Leif, askari, amezikwa safu ya tatu, aliomba apewe mwaka mmoja.

Septemba iliyopita alimkuta Orville akiunyoa uzio kama kawaida yake, umekaa nadhifu kama kichwa cha bwana harusi. Sote tulikuwa tukimsifu kwa unadhifu huo. Verna aliinama akaokota vijitawi vilivyoanguka. Kwenye ncha zake kulikuwa na vichipukizi vinene, vimefungamana viwili viwili. Lilaki huandaa maua ya mwaka ujao wakati wa kiangazi, nasi kila Septemba tulikuwa tukiyakata na kuyatupa.

“Orville, ndugu yangu, weka chini mkasi. Hayo unayokata ni maua ya Mei.”

“Na mikono ikiniwasha kutaka kukata?”

“Kapake rangi mabenchi.”

Kwa bahati alikuwa amenyoa upande mmoja tu. Mabenchi yote yalipakwa rangi, mengine mara mbili. Majira ya kuchipua yalipofika, baridi kali ilirudi katikati ya Mei, na Verna akawa anafika kazini macho mekundu kwa kukosa usingizi, anaenda kwanza langoni kabla ya kuvua koti. Mwenyekiti wa kamati alikwishaagiza chuma.

Jumatatu iliyopita upande wa mashariki, ule ambao haukunyolewa, ulichanua wote, zambarau tupu. Upande wa Orville ulibaki kijani, naye alitaniwa mpaka mchana. Mwenyekiti mwenyewe alikata tawi kwa ajili ya baba yake. Chuma kimerudishwa. Tawi la kwanza kabisa liliwekwa kwenye kaburi la Leif.

Lilaki hupunguzwa maua yanaponyauka tu, yaani mwezi ujao, Verna akiwa hayupo. Jana alimkabidhi Orville mkasi.

Asante, Verna. Mumeo Carl anatuambia kwamba Jumatatu hiyo ulipanda kitandani saa mbili jioni, jua refu la Mei likiwa bado dirishani, ukalala. Tunakuombea usingizi wa namna hiyo siku zote.