Kikombe Kwenye Msumari wa Peke Yake

Ndugu, majirani na wote mliokuja kumsindikiza fundi wetu wa kola, tunaomba utulivu wenu, tusimulie maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho, kama alivyoagiza mwenyewe.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Mei 1969, mtoto wa tatu kati ya watano wa mwashi na mkewe mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1977 na kumaliza darasa la saba mwaka 1983, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yake, ambaye alikuwa akifumua mshono mbaya na kumrudishia kitambaa.

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, akapewa cherehani ya dirishani ashone kola za mashati, na hapo ndipo alipompata shoga yake, mshona vifungo, wakakaa ubavu kwa ubavu miaka thelathini, wakinywa chai kwa kikombe kimoja cha bati chenye ua jekundu. Tarehe 19 Desemba 1992 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, wakajaliwa binti mwaka 1994 na mtoto wa kiume mwaka 1998.

Maradhi yalianza mwaka 2009 kwa vidonda vya mdomo visivyokoma na viungo kuvimba, na mwaka 2016 yakashuka tumboni, akawa anaharisha damu, anainuka kwenye cherehani mara nane kwa zamu moja, huku akitania kwamba utumbo wake una haraka kumshinda msimamizi. Aibu hiyo alimwambia mtu mmoja tu, shoga yake, naye akaapa kuifukia moyoni, lakini kesho yake asubuhi mama alikuta kikombe kimetundikwa kwenye msumari wa peke yake, wenzake wanasogeza viti, na tarehe 30 Juni akaachishwa kazi kwa kuhofiwa kuambukiza, akaondoka na kikombe kile, shoga yake akahamia dirishani. Hata nyumbani, binti yake, aliyejifungua mwezi uliofuata, alimzuia kumpakata mjukuu kwa miezi mitano, akasamehewa kabla hajaomba.

Tarehe 12 Desemba 2016 daktari alimpima kwa kamera, akaona vidonda virefu pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, akaandika barua kwamba ni kinga ya mwili iliyomgeukia mwenyewe, na kwamba ugonjwa huo hauambukizi kwa mate, kwa jasho wala kwa kikombe, na mama akacheka, akasema kweli kikulacho ki nguoni mwako. Aliipeleka barua kiwandani, hakuomba kazi, aliomba tu isomwe mbele ya wenzake, msimamizi akaikunja vizuri na kumrudishia, shoga yake akainamia vifungo. Tangu hapo aliitunza chini ya godoro, akaagiza isomwe siku ambayo watu watakuwa wengi, na yaliyomo ndiyo mliyoyasikia sasa hivi.

Tarehe 2 Machi 2022 utumbo ulitoboka, akapasuliwa, akafariki tarehe 6 Machi saa tisa alasiri, akiwa na miaka 52, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mjukuu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomfungulia vyoo vyenu bila kumuuliza kitu, na wafanyakazi wenzake, pamoja na wewe mshona vifungo, tunakushukuru kwa miaka ile thelathini.

Kikombe chake chenye ua jekundu kipo mezani, karibu na ndoo ya maji, kimeoshwa, mwenye kiu na anywe.

Mama, imesomwa. Pumzika kwa amani.