Kompyuta ya Kwaya Tuliyoililia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na aliye mbele, asifiwe na yule aliyesimama mlangoni kwa kukosa kiti! Wengi mnanijua, mimi ni Pendo, karani wa kanisa letu hapa Likoni, yule anayewachosha na matangazo kila Jumapili. Leo sina tangazo. Nimekuja kusema aliyonitendea Mungu, na nitayasema kwa mpangilio, kama yalivyotokea.

Mnaijua kompyuta ya kwaya, ile nyeusi inayokaa chumba cha nyuma ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Labda mnadhani ni ya kuchapia ratiba tu. Ndugu zangu, ndani yake imo sauti ya Mama Umazi.

Kabla kiharusi hakijamshika, mama yetu huyu alikuwa akija kwangu mchana baada ya kupika, anakaa kwenye kiti, ananiimbia nyimbo za Kiduruma alizofundishwa na mama yake. Nyimbo za kushukuru mvua, za kumpokea mtoto, za kumsindikiza marehemu. Mimi narekodi. Akikosea anarudia. Akiona nimezubaa ananigombeza: "Pendo, punguza feni! Yaimba kunishinda!" Nyimbo nyingine hakuna mtu mwingine anayezijua. Hata Mbeyu, binti yake, anajua viitikio tu.

Kisha kiharusi kikaja, kikachukua maneno. Mama anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, hata akichokozwa anacheka. Lakini ulimi haunyanyuki. Siku zilivyopita akaanza kumwonyesha Mbeyu sikio lake, kisha anaonyesha upande wa kanisa. Mbeyu akanijia. "Dada Pendo, mama ataka kujisikia akiimba. Nitamleta Alhamisi." Nikamwambia mlete, karibuni sana. Wala sikuwa nimetoa nakala ya nyimbo hizo popote pengine.

Wiki hiyohiyo ilikuwa yetu ya usafi kabla ya sikukuu ya mavuno. Mnakumbuka mahubiri ya Jumapili ile: usiache kona ya giza nyumbani mwako, usiweke chumba usichokijua kina nini. Kina mama wakafagia hadi nyuma ya mimbari. Wazee wakapanda juu ya dari. Na mimi, ndugu zangu, nikaketi nisafishe kompyuta.

Nikafungua mahali panapoonyesha jinsi diski ilivyogawanywa. Nikaona sehemu kubwa, ndiyo yenye nyimbo. Pembeni yake nikaona kisehemu kidogo sana, hakina jina, hakifunguki, hakionyeshi kilichomo. Nikasema moyoni, hii ndiyo kona ya giza! Nikajaribu kukifuta, kompyuta ikakataa. Ilikuwa inanihurumia, nami sikuelewa. Nikatafuta programu nyingine isiyo na maswali mengi. Hiyo ikaniuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, nikasema na amina.

Kompyuta haikuonyesha dalili yoyote. Iliendelea kufanya kazi vizuri mpaka nilipoizima. Asubuhi nilipoiwasha, ikanipa skrini nyeusi na mstari mmoja mweupe unaosema haioni kitu cha kuwakia. Nikazima, nikawasha. Mstari uleule. Ilikuwa Jumatano. Kesho yake Mama Umazi alikuwa anakuja.

Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja karibu na soko. Aliitazama akiwa anatafuna muhogo. "Mathe, hii ni kufomati tu, tunafuta yote. Inakuwa mpya kabisa."

"Na nyimbo zilizomo?"

"Nyimbo utadaunlodi zingine."

Ndugu zangu, nilifunga kompyuta ile katika kanga kama mtoto, nikarudi nayo nyumbani. Nikamwita Mzee Charo, kiongozi wa kwaya, na kina mama wawili watatu. Nikawaeleza. Mzee Charo akavua kofia, akaweka mkono juu ya kompyuta. Tukaomba. Tulianza taratibu, lakini mnatujua. Mama mmoja akaanza kulia, mwingine akapokea, na mimi nikapiga magoti sakafuni nikalia kwa sauti ambayo sijawahi kulia tangu nimzike baba yangu. Sikuomba kompyuta iwake. Niliomba: Bwana, tupe mtu!

Tukiwa katika kilio hicho, mlango ukabishwa.

Alikuwa Bi Zuhura, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Tumekaa majirani miaka, tunasalimiana, tunapeana sahani ya mahamri wakati wa Idi na pilau wakati wa Krismasi, lakini sikuwahi kumuuliza anafundisha nini. Alikuwa amejitanda kanga, uso umejaa huzuni. Kwetu huku, kilio kikisikika nyumba ya jirani huulizi, unakwenda.

"Jirani, poleni sana. Ni nani aliyetutoka?"

Tukatazamana. Mwishowe Mzee Charo akaonyesha kwa kidole. "Kompyuta, mwanangu."

Bi Zuhura akaangalia kompyuta. Akatuangalia sisi na macho yetu mekundu. Akakaa chini polepole. "Hebu nielezeni maradhi yake."

Nikamweleza yote, hata ile amina. Hakunicheka, ingawa niliona alivyouma mdomo. Akaniambia kile kisehemu kidogo hakikuwa giza. Ndicho kinachoiambia kompyuta asubuhi iamkie wapi. Ukikifuta, vitu vyote vimo ndani lakini kompyuta haijui pa kuanzia.

"Kwa hiyo nyimbo zimo?"

"Sijaona bado, siwezi kukuapia. Ile nafasi iliyobaki wazi ulipofuta, uliiunganisha na ile kubwa?"

"Hapana. Nilikuwa nimechoka."

"Alhamdulillahi kwa uchovu wako!"

Akaenda kwake akarudi na flashi yenye mfumo wa kuanzishia kompyuta. Akaiwasha kwa flashi hiyo, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Mzee Charo akavaa miwani, ingawa hasomi mambo hayo. Bi Zuhura akaandika amri ya kuorodhesha vilivyomo katika sehemu inayoitwa C, mahali nyimbo zilipokuwa siku zote. Jibu likaja. Hakuna kitu.

Ndugu zangu, nisiwafiche. Niliona uso wa Mama Umazi akionyesha sikio lake.

Bi Zuhura akaninyooshea kiganja. "Subiri, wallahi usilie tena, utaniletea mtaa mzima. Kompyuta ikiamshwa kwa flashi hubadilisha herufi za sehemu zake. C ya hapa si C ya kwako." Akaandika D. Majina yakaanza kushuka, moja baada ya jingine, na katikati yake nikaliona nililoandika kwa mkono wangu: NYIMBO ZA MAMA.

Mzee Charo alipiga haleluya mpaka Bi Zuhura akashtuka kwenye kiti!

Baada ya hapo akashika kazi. Akatengeneza upya kile kisehemu kidogo katika nafasi ileile niliyoiacha wazi, akakipa umbo linalotakiwa, kisha akaandika amri ya kunakili humo faili za kuwashia, kutoka D. Kabla ya kubonyeza akasogea pembeni. "Bonyeza wewe, jirani. Wewe ndiwe uliyeifunga."

Nikabonyeza. Ikaandika kwamba faili zimewekwa. Tukachomoa flashi, tukawasha. Skrini ikawa nyeusi, ikakaa hivyo kiasi cha kututesa, kisha ikatokea picha ya kwaya yetu na sare zile za zambarau. Bwana asifiwe!

Alhamisi Mbeyu akamleta mama. Tukamkalisha kwenye kiti kilekile. Nikafungua wimbo wa mvua, na neno la kwanza lililotoka kwenye spika lilikuwa, "Pendo, punguza feni! Yaimba kunishinda!" Mama Umazi alicheka hadi machozi. Kisha wimbo ukaanza, na mkono wake ulio mzima ukaanza kupiga paja. Na kutoka kooni mwake ikaja sauti. Haikuwa na maneno. Ilikuwa sauti ya wimbo ule, juu inapopanda, chini inaposhuka. Sisemi amepona. Nasema nilichokisikia kwa masikio yangu, na Mbeyu ni shahidi, yuko pale kando ya mama yake.

Nyimbo sasa zina nakala. Moja iko kwa Mzee Charo, moja kwa Mbeyu, na moja iko katika kabati la Bi Zuhura, kati ya nguo zake za Idi. Amesema atazilinda, na mimi namwamini. Mungu ambariki yeye na nyumba yake.

Ndugu zangu, huenda uko hapa leo na kitu chako kimezima. Ndoa, mwili, mtoto asiyepokea simu yako. Na kuna mtu amekwambia futa tu, uanze upya. Usiharakishe! Huenda vyote bado vimo ndani, ila havijapata pa kuamkia. Mtumaini Bwana. Na ukilia, usijifungie mdomo kwa mto. Lia jirani akusikie, maana Mungu akitaka kukujibu anaweza kubisha mlango akiwa amejitanda kanga.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru nyote. Kwaya imejifunza wimbo wa mvua kutoka kwenye kompyuta ile, na mwenye wimbo amekaa mstari wa mbele, anasubiri kusikia kama mmeupata sawasawa.

Ndugu uliye karibu na swichi, tafadhali, punguza feni.