Kiti cha Mbele, Upande wa Abiria

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, kaka yake, kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, kwa sababu mwenyewe hakupenda mambo ya kukadiria.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1942, nyumbani kwa wazazi wetu, mtoto wa nne na kitinda mimba, akaanza shule mwaka 1950, akasifiwa kwa hesabu na kuchapwa kwa kumsahihisha mwalimu wa hesabu. Mwaka 1961 aliajiriwa katika idara ya upimaji ardhi, akaanza kwa kuvuta mnyororo wa kupimia viwanja hadi akawa mpimaji kamili, na huko alijulikana kwa jambo moja, kwamba akishapima hapimi tena, kwa maelezo kuwa ardhi haikui.

Tarehe 14 Septemba 1968 alifunga ndoa na mke wake, karani wa posta, ambaye leo sote tunamwita Mama, wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa ni nesi na mdogo anafundisha udereva.

Mwaka 1973 marehemu alinunua gari dogo la mwaka 1956 kutoka kwa mwoka mikate, ambaye alikuwa ameng'oa kiti cha mbele cha abiria ili apate pa kuweka kreti, na alipoulizwa kiti kiko wapi akasema alimpa mtu asiyemkumbuka. Basi Mama akawa anakaa nyuma, marehemu mbele peke yake, na kila walikokwenda watu wakadhani ni dereva wake. Kwenye harusi ya mkuu wake wa kazi, mlinzi alimfungulia Mama mlango kwa heshima zote, kisha akainama dirishani akamwambia marehemu, "Wewe kaegeshe kule kwa madereva wenzako, chakula mtaletewa." Akaenda, akaletewa, akala. Wakati wa kurudi Mama akasema kutoka nyuma, "Dereva, leo mbona mwendo una kisirani?" na marehemu akaapa kwamba hatakufa kabla hawajakaa mbele wote wawili, kama mtu na mkewe.

Muuza vipuri alimwambia, "Bwana, kiti cha gari hili kaulize makumbusho," ndipo akaamua kukitengeneza mwenyewe. Mwezi Machi 1974 alimkalisha Mama kwenye stuli ya jikoni, akampima nyonga, mgongo na mapaja kwa utepe wa kazini, akaandika vipimo kwa penseli ukutani mwa banda la gari.

Fremu ilichomelewa kwa vyuma vya kitanda, springi zikatoka kwenye kochi la sebuleni bila Mama kuarifiwa, hivyo wageni wakawa wanazama hadi magoti yanalingana na masikio, na reli zikatoka kwenye droo za kabati la mafaili. Reli hizo ziliteleza vizuri kupita kiasi, kwani siku ya majaribio, breki ilipofungwa, kaka yake Mama alisafiri na kiti hadi kwenye kioo, akasema huku ameshika paji la uso, "Shemeji, wewe umesimama, mimi nimefika."

Uhamisho wa kikazi na ada za shule vilichelewesha mambo, lakini baada ya kustaafu mwaka 2002 alikirudia kiti chake kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, kinyozi aliyefunga duka akamwachia chuma imara cha kiti cha kunyolea, fundi makochi akakata sponji kwa kufuata vipimo vya ukutani, akashona ngozi na kuinua kingo mbili za pembeni ili Mama asiyumbe kwenye kona.

Tarehe 2 Desemba 2018, mbele ya familia nzima, Mama aliingia kukaa, akakaa nusu. Kingo zilimkataa. "Baba watoto," akauliza, "hiki umemshonea nani?" Marehemu akaenda kusoma ukuta, akarudi akasema, "Ni wewe." Mama akamjibu, "Mimi wa mwaka gani?" Ndipo marehemu alipogundua, baada ya miaka hamsini ya ndoa, kwamba mke si kiwanja.

Kabla hajakifumua, mwaka 2020 alianza kuumwa figo, madaktari wakamkataza kuendesha, naye akapungua mwili sana. Binti mdogo akamfundisha Mama udereva kwenye uwanja wa shule, Mama akapata leseni akiwa bibi wa wajukuu. Tarehe 11 Februari 2022, safari ya kliniki, Mama alimfungulia mlango wa mbele, marehemu akakaa, na kingo zikamkumbatia pande zote bila kubakiza nafasi. Walipofika njia panda akasema, "Mama watoto, kiti hiki hakina kosa." Mama, macho barabarani, akajibu, "Abiria, usimsemeshe dereva." Getini hospitali mlinzi akamwambia Mama, "Mshushe mzee hapa, wewe kaegeshe kule kwa madereva," na marehemu akacheka hadi nesi akaja mbio.

Alikaa mbele hivyo kila kliniki, mpaka tarehe 19 Agosti 2023, saa moja asubuhi, alipofariki hospitalini, Mama akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa upimaji, fundi makochi, majirani waliovumilia kelele za kuchomelea, na wote mliowahi kukaa kwenye lile kochi mkanyamaza kwa adabu. Leo Mama ataendesha mwenyewe hadi makaburini, na anaomba asiwepo wa kukaa naye mbele, kwa sababu kiti kile vipimo vyake sasa vinajulikana ni vya nani.

Pumzika kwa amani, abiria wa mbele.