Mlio Unaokuja Kwenye Kona za Kirua

Mtaani Pasua, chini ya mlima, pale duka la dobi lilipofungwa na mwenyewe akahama mji, kuna benchi refu lililokalishwa juu ya marimu mawili ya lori. Asubuhi linakaliwa na kuku. Kuanzia alasiri linakaliwa na wanaume wasio na haraka ya kurudi kwao, na Lukresia anawamiminia kahawa ambayo baba zao waliilima huko juu na wao wakakataa kuilima. Jina la Mungu hutajwa sana hapo, mara nyingi na mtu anayejiandaa kusema uongo. Siku hiyo Ebenezeri, muuza pumba na mashudu ya ng'ombe, aliegesha kigari chake cheupe kando ya mtaro akakaa mwisho wa benchi. Habari yake waliijua wote. Mama yake, Aikaeli, ameruhusiwa kutoka hospitali, si kwa kupona, bali kwa sababu madaktari wamemaliza la kwao. Ameomba kitu kimoja tu: apelekwe kulala nyumbani kwake Kirua Vunjo. Na gari la kumpandisha, kila likikata kona, linalia huku mbele.

— Linaliaje? aliuliza Radieta.

Jina lake la ubatizo ni Kalisti, ila hachelewi kuchemka, ndiyo maana. Ujana wake wote alikuwa utingo wa malori ya miwa huko tambarare, na benchi zima ni yeye tu aliyewahi kulala chini ya gari akiwa na akili zake.

— Ka-ka-ka-ka, kama mtu anavunja karanga. Nikinyoosha, linanyamaza.

— Kona ipi zaidi?

— Ya kulia.

Radieta alilitazama tairi la mbele la kushoto, akamtazama Ebenezeri usoni, kisha akarudisha macho kwenye kikombe chake.

— Inaweza kuwa vitu vingi, alisema.

Jibu hilo halikuwa la Radieta hata kidogo. Ila Praygod hakumpa mtu nafasi ya kulishangaa, maana simu ilikuwa tayari mkononi. Huyu wanamwita Gugo. Ukimuuliza saa ngapi, anatafuta kwanza. Alisoma kwa sauti kwamba yuko mtu, nchi hakuitaja, ambaye gari lake lililia hivyo hivyo, wakabadilisha beringi, likalia. Wakabadilisha shokapu, likalia. Mwishowe wakakuta ni kopo la soda limebanwa mahali. Kwa hiyo, alisema, wahenga hawakukosea: haba na haba hujaza kibaba. Vumbi la Pasua limeingia kidogo kidogo hadi beringi imejaa.

— Kibaba ni cha nafaka, alisema Lukresia kutoka kwenye birika.

— Vumbi nalo linapimika, mama.

Ebenezeri alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Alikuwa anashukuru. Kila neno lililoongezwa lilikuwa kama jiwe jingine linalowekwa barabarani kati yake na ule mlima, na mlima wenyewe ulikuwa umejifunika mawingu tangu asubuhi, hauonekani, kana kwamba nao hautaki kumwita.

Gugo alipoona anasikilizwa aliongeza mwendo. Kwanza alisema mlima una sumaku, na chuma chochote kikigeuka upande wake lazima kilalamike. Walipomcheka akaiacha sumaku, akaleta nyingine.

— Hili gari limekaa Japani, sivyo? Limezoea kona za huko, zimepimwa na mainjinia. Hizi zetu zinafuata mfereji wa babu yake fulani, pale babu alipochoka mfereji ukapinda. Sasa gari likifika hapo linauliza. Huo mlio ni swali.

— Na barabara ya Kirua yote ni maswali, alisema Shemasi.

Shemasi si shemasi. Ni Vedastus wa Kibosho, aliyebeba kikapu cha sadaka Jumapili moja mwenye zamu alipougua, na tangu hapo hajakiweka chini. Yeye alitaka kujua kama gari limebarikiwa. Ebenezeri alijibu kwamba limebarikiwa vizuri tu. Mchungaji wao wa Kilutheri aliliombea mbele ya kanisa, na mifuko ya pumba ikiwa ndani.

— Alisimama wapi?

— Mbele, kwenye taa.

— Basi ndiyo hiyo. Mmebariki kwenda mbele tu. Ubavuni baraka haikufika. Kwetu padri anazunguka.

Hata Radieta alicheka hapo, na Ebenezeri naye akacheka, halafu akajichukia kwa kucheka. Mama yake wakati huo alikuwa wodini, kwenye kitanda ambacho wenye wodi walikuwa wanakihitaji kwa mwingine, na yeye anacheka kijiweni na meno yanaonekana. Alisema moyoni, Bwana nisamehe, akapokea kikombe kingine.

Kilichomzuia hakikuwa siri kwa mtu wa mlimani. Yeye ndiye mwana wa mwisho. Kaka zake walikatiwa vihamba vyao, mashamba ya migomba na kahawa, kwingine; kihamba cha nyumbani, na nyumba, na wazazi hadi mwisho wao, ni vya kitinda mimba. Baba yao amezikwa pale pale, kati ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni, na pembeni yake imeachwa nafasi ambayo kila mtu anajua ni ya nani na hakuna anayepalilia pale bila kuinamisha kichwa. Mtu mwingine akimpandisha mama, amempa lifti. Ebenezeri akimpandisha, akamshika mkono akamwingiza ndani, amempokea kwa ajili ya ile nafasi.

Shemasi naye alikuwa anafikiri, kwa bahati mbaya. Alishusha sauti. Alisema yeye ni Mkristo na haya hayasemi kama Mkristo, lakini wazee walikuwa na lao: ukiwa umemkosea mtu wa nyumbani, unampelekea jani la isale, na mwenye haki akilipokea hana budi kusamehe. Sasa huenda Ebenezeri yuko mtu amemkosea huko juu, ndiyo maana gari linagoma kugeuka kwao. Afunge isale kwenye bampa, aone.

— Gari ndilo limekosewa? aliuliza Gugo.

— Samaki mmoja akioza wote wameoza. Funga na nyuma.

Safari hii Ebenezeri hakucheka. Alikuwa anatafuta yeye amemkosea nani, na hakuhitaji kwenda mbali. Jana usiku alipiga magoti kando ya kitanda, kama alivyofundishwa na huyo huyo mama, na maneno yaliyomtoka yalimwogopesha mwenyewe. Hakuomba mama apone. Alishakata tamaa hapo. Wala hakuomba gari litengemae. Aliomba mlio usiishe.

— Dada yako yule anakuja, alisema Lukresia.

Yuditha alikuwa anakata barabara kwa miguu, chupa ya mtori wa ndizi kwapani, viatu vimejaa vumbi. Aliwasalimu kwa Bwana Yesu asifiwe, wakaitikia amina kwa sauti ndogo, kama watoto waliokutwa na kitu. Ebenezeri akasema shikamoo, dada. Yuditha akaitikia marahaba bila kumtazama. Alikuwa anatazama gari.

— Limeharibika nini?

Gugo alianza na beringi. Shemasi alianza na baraka akaiacha njiani. Yuditha aliwangoja wamalize, na walipomaliza ilionekana wazi hata kwao kwamba hawajasema kitu.

— Ni sivijointi ya kushoto, dada, kile kiungo cha kuzungusha tairi, alisema Radieta.

Benchi zima lilimgeukia.

— Buti yake ya mpira imepasuka, grisi imetoka, mchanga umeingia. Pale Ebenezeri alipokata kona kuegesha niliisikia. Njia panda yupo fundi wa kuifungua na kuweka nyingine kabla jua halijazama.

— Ulijua? aliuliza Gugo. Mchana wote huu?

— Nilijua.

— Na ukatuacha tunaongea?

Radieta aliukuna mdomo wa kikombe kwa kucha. Alisema kwamba naye alimpandisha mzazi wake kwa njia hiyo hiyo. Mtu akikuuliza huku anaomba usimjibu, unafanyaje. Hakuchemka aliposema hivyo, na hiyo ndiyo iliyowatisha.

Yuditha hakumlaumu. Aliweka chupa ya mtori juu ya benchi, akafunga upya kanga kiunoni, akasema polepole, kama anayemsomea mtu mzito wa kusikia:

— Ebe. Mama amevaa tangu saa mbili. Amekataa kulala, anasema akilala gauni litakunjamana na watu wa nyumbani watamwona. Amekaa ukingoni mwa kitanda na kipochi chake. Kila mlango ukifunguliwa anageuza kichwa. Asubuhi ulimwambia kwenye simu uko njiani.

Ebenezeri aliitazama chupa ya mtori.

— Mtori amekataa, anasema atakula akifika kwake. Ameniita ananiuliza, Ebe amefika wapi? Nikasema ngoja nikamwangalie. Sasa narudi. Nimwambie umefika wapi?

Gugo aliitazama simu yake, na ilikuwa imezima kioo. Shemasi alikuwa amevua kofia bila kujua. Lukresia aliinua birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha Ebenezeri kwa ajili ya kuwa na la kufanya. Yakatoka machicha tu.

Yuditha alisimama hapo anangoja, mkono umenyooshwa kidogo, kama mtu anayengoja kupewa kitu cha kubeba.