Swali la Langoni

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mlinzi wa lango la msitu, mama ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fagio. Alituaga Jumanne, akiwa na miaka sabini na minane.

Kwa nini Fagio? Enzi zile za ubaguzi wa rangi mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia katika hifadhi ile ila kwa kazi, ingawa babu zake ndio waliohamishwa kutoka humo. Langoni aliulizwa, "Umekuja kufanya kazi gani?" Mama aliinua fagio, akapita. Alifagia njia za msitu miaka kumi na tisa. Kumi na tisa, wasikilizaji, na hakuwahi kuketi kwenye benchi la ziwani humo, maana lilikuwa la wazungu tu.

Sheria ikafutwa. Mama akapewa sare na kiti cha langoni, mweusi wa kwanza. Siku ileile wakaja mume na mke, weusi kama yeye, na kikapu cha chakula. Swali likamponyoka: "Mmekuja kufanya kazi gani?"

Mume akainamia viatu vyake. Mke akajibu, "Kula, shangazi. Ndiyo kazi yetu leo. Au tukuoshee na madirisha?"

Binti wa Mama Fagio, muuguzi, anakumbuka: "Mama alirudi nyumbani, hakugusa chai. Akaniambia, 'Mwanangu, sheria wameifuta, lakini mdomo wangu bado unaitii.'"

Kesho yake alibandika karatasi kibandani: *Uliza njia, usiulize kazi.* Kila mlinzi mpya alifundishwa hivyo. Na siku zake za mapumziko alipita mtaani akigonga milango.

"Jirani, vaa viatu, twende msituni."

"Kuna nini huko?"

"Miti."

"Miti tu?"

"Na mimi. Hebu vaa viatu!"

Mwezi uliopita binti alimpeleka huko kwa kiti cha magurudumu. Langoni palikuwa na mlinzi mgeni, msichana wa kizungu, asiyemjua kabisa.

"Karibuni. Mnapita njia ya ziwani au ya kilimani?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Ya ziwani, mjukuu wangu. Leo sina kazi."

Wakaketi kwenye benchi lile mpaka jioni.

Kwa binti, wajukuu na walinzi wenzake: poleni sana, tunalia pamoja nanyi. Nasi tujiulize, midomo yetu bado inamzuia nani mlangoni?

Jumamosi asubuhi familia itatembea njia ya ziwani. Njooni. Njooni mikono mitupu.