Fundi Mkasi na Meza ya Dirishani

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliokuja leo mkiwa mmevaa nguo zilizopita mikononi mwake: huyu ndiye Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Mkasi, na haya ndiyo maisha yake kama familia inavyoyajua.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano, wiki tatu kabla ya siku iliyotarajiwa. Bibi alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza Baba kufika mahali mapema kwa kuogopa kuchelewa, na kwamba tangu hapo hakuacha. Alikuwa mtoto wa wasiwasi. Akitumwa dukani, alirudi kutoka njiani kuuliza kama alikuwa amesikia vizuri. Wenzake wakimcheka, aliwajibu kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Alipokuwa mtu mzima alilifupisha jibu hilo, nasi tulilisikia karibu kila siku: "Wasiwasi ndiyo akili."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, na Januari 1968 akajiunga na chuo cha ufundi, idara ya ushonaji. Katika mtihani wa mwisho, Novemba 1969, wanafunzi walipewa saa nne kushona suruali. Baba alipima, akapima tena, akafumua alichokwisha kushona kwa sababu mshono ulimtia shaka, na kengele ilipolia alikuwa na mguu mmoja. Msimamizi aliuokota ule mguu, akaupindua nje ndani, akaufuata mshono kwa kidole.

"Kijana, huu mguu hauna kasoro. Lakini mteja wako ana miguu miwili. Atavaa nini?"

"Atasubiri kidogo, Mwalimu."

Alipewa daraja la pili. Cheti chake bado kinaning'inia dukani, na ule mguu wa suruali, alioushona upande mmoja ukawa mfuko wa vipande vya vitambaa, aliutumia hadi alipoacha kazi.

Alifanya kazi katika kiwanda cha sare kuanzia 1970, na tarehe 1 Agosti 1977 akafungua duka lake mwenyewe, chumba cha pili kutoka kona, kwenye mtaa ulio nyuma ya posta. Alikuwa na cherehani mbili: moja ya kushonea, na ya pili kwa sababu aliogopa ya kwanza ingeharibika. Kitambaa kikiwa na kovu, alimwita mteja amwonyeshe kabla hajakigusa kwa chaki. "Kasoro ukiificha ndani ya pindo," alikuwa akituambia, "ipo siku pindo litafumuka mbele za watu."

Ng'ambo ya mtaa huohuo palikuwa na mkahawa wa Kiitaliano. Mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mpishi, alimletea Baba kazi ya kushona makoti meupe ya jikoni na vitambaa vya meza kumi na viwili. Kazi ilipokamilika, Mpishi alivaa koti, akanyoosha mikono kama mtu anayefikia rafu ya juu, na koti halikupanda hata kidogo. Akasema, "Fundi, njoo ule kwangu. Na usije peke yako."

Baba alikaa na mwaliko ule wiki tano. Vitu viwili vilimtisha. Cha kwanza ni menyu iliyobandikwa kwenye kioo cha mlango, ambayo aliisoma kila jioni asiambulie kitu. Cha pili ni mpiga chapa wa ofisi ya ghorofani, juu ya duka lake, maana hapakuwa na mtu mwingine ambaye Baba alitaka kwenda naye. Mpiga chapa huyo ndiye Mama yetu.

Walikwenda tarehe 14 Juni 1979, saa sita na nusu mchana. Baba alifika saa tano na dakika ishirini, akasimama ng'ambo ya mtaa nyuma ya gari lililoegeshwa ili asionekane amewahi. Mama alimwona kupitia dirisha la ofisini muda wote huo, akimaliza kuchapa barua zake.

Waliwekwa kwenye meza ya dirishani. Ikaletwa sahani ya spageti yenye mchuzi wa nyanya, majani ya rihani na jibini lililokunwa. Mama alizungusha uma wake taratibu, akala. Baba akazungusha wake, tambi zikateleza. Akazungusha tena, zikaja nyingi kama uzi uliotoka kwenye kigurudumu chake, zikaning'inia mpaka kwenye sahani. Alikuwa amevaa shati jeupe alilolishona kwa ajili ya siku ile, na chini ya sahani kulikuwa na kitambaa cheupe alichokikunja pindo yeye mwenyewe. Basi akafanya kile ambacho mkono wake ulikijua: akatia mkono katika mfuko wa shati, akatoa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, akaufuta kwa leso, akaanza kukata.

Mpishi alitoka jikoni mbio.

"Fundi! Fundi wangu! Unafanya nini?"

"Napunguza, Mpishi. Zilikuwa ndefu."

Mama anasema alicheka hadi akalazimika kushika meza, na kwamba kabla kicheko hakijaisha alikuwa ameshaamua. Mpishi naye aliamua lake. Tangu siku ile Baba akawa Fundi Mkasi, na amri ikatolewa kwamba hataingia tena mkahawani kabla hajasalimisha silaha yake mlangoni. Mkasi uliwekwa kwenye droo ya vizibuo vya chupa, akarudishiwa wakati wa kuondoka.

Walifunga ndoa tarehe 2 Februari 1980. Walijaliwa mtoto wa kiume mwaka 1983 na, baada ya miaka kumi na minne ya kungoja, kitinda mimba wao wa kike, anayewasomea wasifu huu. Kila tarehe 14 Juni familia ilivuka mtaa ule kwenda kula. Tuliondoka nyumbani mapema mno, Baba akiwa ametangulia hatua kumi, akihofia kwamba meza imepewa wengine, au Mpishi ni mgonjwa, au gesi imeisha. Mlangoni alitoa mkasi bila kuambiwa. Akishakaa, hofu ilimtoka sahani ilipowekwa mbele yake, kwa sababu hapo alikuwa mbele ya kazi ya fundi mwenzake. Ravioli, vile vifuko vya tambi vilivyojazwa jibini, alivigeuza kwa uma kukagua mishono yake. "Angalieni, jibini lote limo ndani na hakuna palipofumuka." Lazanya, tambi za tabaka juu ya tabaka, aliiita koti la bitana nne. Zile tambi pana alizipima kwa macho, akatangaza kwamba zinatofautiana kwa nusu sentimita, naye Mpishi alimjibu kutoka jikoni kwamba suruali zake pia zinatofautiana. Mpishi alifariki mwaka 2015, na mkahawa ukabaki kwa binti yake, aliyeurithi pamoja na droo ya vizibuo na amri ya baba yake.

Tarehe 22 Novemba 2021 Baba alipatwa na kiharusi akiwa dukani. Kilichukua mkono wake wa kulia, sehemu kubwa ya maneno yake, na nguvu za koo. Daktari alitueleza kwamba chakula kirefu au chenye kuteleza kinaweza kupita njia isiyo yake, kikaingia mapafuni. Kuanzia hapo alikula vyakula vilivyosagwa, kijiko kimoja kwa wakati, na nyumba nzima ikajifunza kunyamaza anapomeza. Tulimsikiliza akikohoa kama watu wanaosikiliza hatua nje ya mlango. Juni 14 ya mwaka 2022 ilipita, na ya 2023 ikapita.

Mwezi Mei mwaka huu alichukua chaki yake kwa mkono wa kushoto, akaandika juu ya kitambaa cheusi: JUNI 14. MEZA.

Kaka alikisoma kitambaa kile, akakiweka chini.

"Mama, usiniambie unafikiria hili."

"Sijasema kitu."

"Kunyamaza kwako ndiko kunanitisha. Mnataka kumuua mzee?"

"Mwanangu, miaka miwili na nusu anakula kama kifaranga. Sijui kama ninamlinda au ninamnyima."

Kitinda mimba alisoma kila alichoweza kupata kuhusu tatizo la kumeza, na kila alichosoma kilimwongezea hofu. Mwishowe familia ilimwendea daktari, ikamuuliza wazi. Alisema tambi zikipikwa hadi zilainike kabisa, zikakatwa ndogo kama punje za mchele, mgonjwa akakaa wima na asiharakishwe, hatari itapungua. "Itapungua," alirudia. "Haitakwisha." Kaka, ambaye ni fundi umeme na haamini waya mpaka aupime, alikataa kwa siku tisa. Siku ya kumi alileta mto mgumu wa kumkalisha Baba wima, akasema kama ni kwenda basi yeye ndiye ataendesha gari.

Tarehe 14 Juni tulifika mkahawani tukiwa tumetangulia saa yetu kwa dakika sabini. Baba ndiye aliyetuhimiza, akigonga saa yake kwa kidole. Mlangoni Mama alitoa mkasi mfukoni mwa shati la Baba, kwa mazoea, akaunyoosha mbele. Binti wa Mpishi hakuupokea.

"Hapana, Mama. Leo mkasi unaingia."

Aliupeleka jikoni, akauchemsha, akaurudisha ndani ya kitambaa safi. Kisha ikaja sahani, spageti ileile, mchuzi uleule. Kaka alisimama nyuma ya kiti. Mama alishika kijiko. Kitinda mimba alikata huku akimtazama Baba badala ya sahani, hata vipande vingine vikawa vifupi na vingine virefu. Baba aliangalia sahani kwa jicho la kazini. Akatamka kwa shida, neno kwa neno:

"Mkato... umepinda."

Hatukujua tucheke au tulie. Akafungua kinywa.

Kijiko cha kwanza kilikwenda. Cha pili kikaenda. Kaka alihesabu kwa kunong'ona, na wateja wa meza za jirani, ambao hawakujua lolote, nao walikuwa wameacha kula. Kwenye kijiko cha tisa alikohoa. Kaka aliruka, kiti cha Mama kikaanguka, binti wa Mpishi akatokea jikoni mbio kama baba yake zamani. Baba aliinua mkono wa kushoto. Akakohoa tena, akameza, akapumua. Machozi yalimlenga kwa kule kukohoa. Akanyoosha kidole kuonyesha sahani: bado.

Alikula vijiko kumi na vinne. Tone la mchuzi lilidondoka kwenye shati lake jeupe, tone la kwanza tulilopata kuliona katika maisha yetu. Mama alinyoosha leso. Baba akausogeza mkono wa Mama pembeni, akaliacha lile tone.

Tarehe 25 Juni alipata homa, na tarehe 27 akalazwa hospitali ya wilaya kwa homa ya mapafu. Alifariki Jumatano, tarehe 3 Julai 2024, saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, Mama akiwa ameshika mkono wake wa kushoto.

Tangu Jumatano hiyo kumekuwa na maneno ya chinichini sebuleni, na wengine wenu mmeyasikia: kwamba ni zile tambi. Baba hakupenda kasoro ifichwe ndani ya pindo, kwa hiyo tunalisema hapa. Kaka alimuuliza daktari. Daktari alijibu, "Siwezi kusema ndiyo, na siwezi kusema siyo. Kwa koo lile, hata mate yake mwenyewe yangeweza kuleta homa hii, siku yoyote." Hatuna jibu lingine, na hatutalipata. Aliyeshika mkasi analijua hilo, na aliyeshika kijiko, na aliyeshika usukani.

Lakini kuna jambo moja zaidi, na kaka ameomba lisomwe. Tarehe 1 Julai alibaki peke yake na Baba wodini. Aliinama karibu na sikio lake, akamuuliza, "Baba, tulikosea kukupeleka?"

Baba alimtazama, akikusanya maneno. Kaka anasema alijiandaa kwa jibu lolote.

"Mwakani," Baba alisema, "tuondoke mapema. Safari hii... mlinichelewesha."

Marehemu ameacha mjane, ambaye ameishi naye miaka arobaini na minne. Mtoto wa kiume na mke wake. Mtoto wa kike. Mjukuu mmoja wa miaka sita, ambaye tayari hawezi kulala kabla hajakagua begi lake la shule mara tatu. Dada yake mmoja aliyebaki. Cherehani mbili, zote nzima. Na meza ya dirishani, ambayo binti wa Mpishi ametuma ujumbe kuwa imewekwa kwa ajili yetu tarehe 14 Juni mwakani. Mama amejibu kwamba tutakwenda, na kwamba mkasi atausalimisha mlangoni kama sheria inavyotaka.

Baba, leo umewahi, meza yako ipo, na hakuna anayekuharakisha. Vua saa yako. Pumzika kwa amani.