Tofali la Soya la Mama Louise

Kijiwe chetu cha mtaa wa Katindo ni ubao mmoja juu ya mawe ya volkano, pamoja na birika la kahawa ya tangawizi. Asubuhi ile alikuwapo Donat, tunayemwita Dokta kwa kuwa aliwahi kulinda geti la hospitali, na Mahamudi, dereva tunayemwita Frein, yaani Breki. Vita ilikuwa imefunga barabara ya mji wa Kiwanja, Frein hana safari, Dokta hana kazi, basi wote wawili walikuwa na nafasi ya kutosha kuingilia mambo ya watu.

Télesphore, mkimbizi wa Kiwanja, akaja na tofali la soya ndani ya jani la ndizi. Lilinuka vibaya, nisiseme uongo. Mkewe Louise alifundishwa kwenye kambi ya wakimbizi na mama mmoja Mkorea: chemsha soya, twanga, finyanga tofali, tundika mpaka ivunde, kisha loweka kwenye maji ya chumvi. Bunduki ziliposogea, Mkorea akaondoka kabla ya kueleza ukungu upi ni mzuri. Louise akaukwangua kwa kisu, kama tufanyavyo kwa muhogo, nao ukaota tena, mweusi. Soya yenyewe ndiyo ya mwisho waliyokimbia nayo, na mtoto wao Charline ameanza kuvimba miguu kwa bwaki, ugonjwa wa njaa. Télesphore alitaka kujua kama ampe mtoto au alitupe.

— Umupe, Dokta akasema. Muhogo yetu inavundaka, na tunakulaka fufu yake. Hii njo dawa ya tumbo. Mvumilivu hula mbivu.

— Hii njo mbivu? Frein akauliza. La kuvunda halina ubani. Uvundo ingine inaharibishaka maini. Na ile chumvi itapandisha tension ya damu.

— Tension ya mutoto?

— Ya baba yake.

— Bakorea balipiganaka vita, bakakula hii, leo biko na ma-usine, viwanda bikubwa. Sisi tungekula zamani, vita ingekuwa imeisha.

— Basi tupelekee basoda ya camp ya jeshi. Adui akisikia harufu, atarudia kwao.

Tulicheka, na Télesphore akacheka nasi, jambo linaloniuma mpaka leo. Alima, mama aliyefika jana kutoka Vitshumbi na kukaa pembeni akingoja kikombe chake, hakucheka.

— Papa, akamwuliza Télesphore, na mutoto, leo amekula nini?

 

Télesphore alilifunga tofali lake. Kahawa aliyomiminiwa alikuwa hajaigusa. Akaomba iongezwe sukari, akaimimina kwenye chupa, akaenda nayo nyumbani kwa Charline.